Siku Baba Aliposikia Nadhiri

Mama aliniahidi kwa Mungu kabla sijatungwa tumboni mwake. Niliambiwa hivyo tangu nilipoanza kuelewa maneno, kama watoto wengine wanavyoambiwa kwamba walizaliwa masika au siku ya mnada. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Kwetu Mnyambe watoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwanamke asiyezaa hatazamwi na ndugu za mume tu, hutazamwa zaidi na ndugu zake mwenyewe, maana tumbo lake ndilo linalotarajiwa kuongeza ukoo. Dada zake walizaa mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa na mume, mikorosho na kanisa.

Siku moja alishuka na baba kwenda Lulindi, kwa wazee wa baba, ambao ni Wakristo wa tangu enzi za misheni. Kanisani lilisomwa somo la Hana, yule mke aliyelia hekaluni kwa kukosa mtoto mpaka kuhani akadhani amelewa. Mama aliniambia kwamba alihisi wanasoma habari zake mbele za watu. Akapiga magoti, akasema akipata mtoto hatamweka kwake, atamrudisha kwa aliyempa. Kabla mwaka haujaisha akapata mimba yangu. Nilipotoka msichana hakuvunjika moyo. Hana alimpeleka Samweli hekaluni, yeye angenipeleka kwa masista.

Basi nikaanza kuwa sista kabla sijaota meno. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini wanawake wa bombani walimwita mama yangu Mama Sista, na baba akawa Baba Sista, na mimi mwenyewe Sista. Jina nililobatizwa lilibaki kwenye daftari la mahudhurio shuleni. Mwalimu alipoliita, kuna siku nilichelewa kuitika.

Sitaki mtu adhani mama alikuwa mkali. Hakuwahi kunipiga. Alinitunza kama mtu anayetunza kitu cha wenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Wenzangu walipopanda mikorosho kuangua mabibo, mimi niliitwa chini. Walipokwenda porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya kuchemsha, nilizuiwa, nisije nikaumwa na nyoka. Nilipougua malaria mama alipiga magoti kando ya kitanda, na maneno yake yalinitisha kuliko homa. Hakuwa akiniombea nipone kama mama wengine wanavyoomba. Alikuwa akiomba muda. Alimwambia Mungu kwamba bado nilikuwa mdogo, kwamba siku ya kunileta ingefika, kwamba hakusahau, na asije kunichukua mwenyewe. Nilikuwa nimelala pale nikitetemeka, nikielewa kwamba kuna mwenye mali, na kwamba mwenye mali anaweza kuchoka kungoja.

Nilipofika umri wa kuchezwa unyago, wasichana wa rika langu waliwekwa ndani, wakafundishwa, wakatolewa kwa ngoma na khanga mpya. Kanisani kwetu hakuna aliyeona ni dhambi. Hata binti za wazee wa kanisa walichezwa. Mama alikataa. Alisema unyago ni wa kumwandaa mke wa mtu, na mimi sikuwa mke wa mtu. Baba alikuwa anasikia, akaendelea kula.

Jambo hilo unaweza kuliona dogo kama hujakulia kwetu. Msichana asiyechezwa hubaki mtoto hata akipata mvi. Nilipoingia mahali wanawake wanazungumza, walinyamaza, wakaanza kuongea habari za mvua. Msibani nilipewa kazi ya kuosha sufuria pamoja na watoto. Rafiki zangu, ambao juzi tu tulikuwa tukiruka kamba pamoja, walirudi wakiwa na vicheko vya kwao, na nikiuliza wanacheka nini waliniangalia kwa huruma. Nilikuwa ndani ya kijiji na nje yake.

Mama alinipa Biblia yake ya zamani nisome kila jioni, akiwa anachambua mbaazi au kusuka ukili. Aliitumia kwa kila kitu. Nikiomba kwenda harusini Newala mjini alinikumbusha binti wa Yakobo, aliyetoka kuwatazama wasichana wa nchi na asirudi salama. Nikitaka kusuka nywele alinisomea waraka wa mtume juu ya nywele za kusuka. Alipokuja mtu mmoja, fundi seremala kijana, na mjomba wake wakapiga hodi kwa heshima zote, mama aliwakaribisha, akawapa maji, akawaambia binti huyu ana mwenyewe. Walidhani ni mchumba. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikitwanga, nikasikia nyayo zao zikiondoka. Sijui kama ningemkubali yule kijana. Ninachojua ni kwamba sikuulizwa.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya katikati. Muda si mrefu mama akafunga sanduku langu, tukashuka kwa basi hadi Masasi, na kutoka pale tukaenda kwenye nyumba ya masista. Njia nzima alikuwa ameshika mkono wangu. Tulipofika alinikabidhi kwa Mama Mkuu wa nyumba ile, akapiga magoti ukumbini, akalia kwa sauti. Nilifikiri analia kwa kuniacha. Aliponiaga nikaona uso wake, na ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu.

Kule kwa masista hapakuwa pabaya. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hungoja niseme niliteswa. Kengele iligongwa mapema, tulisali, tulilima bustani ya mchicha, tulipika. Mchana niliwekwa kwenye chumba cha ushonaji, ambako sista mmoja mzee alinifundisha kukata na kushona mavazi ya makasisi na vitambaa vya altare. Nilikipenda chumba kile. Nilipenda mlio wa cherehani na harufu ya kitambaa kipya. Wakati wa sala nilijaribu kusikia kile ambacho wenzangu walisema wanakisikia, nikasikia woga tu. Sikujua kama nampenda Mungu au namwogopa kwa niaba ya mama. Niliogopa kubaki maisha yangu yote pale nikiwa na swali hilo, na niliogopa zaidi kuondoka, kwa sababu nikiondoka nani angekufa? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa kufikiri.

Mama Mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na desturi ya kuzungumza na kila msichana kabla ya kumpokea kwa hatua inayofuata. Zamu yangu ilipofika aliniuliza maswali mengi juu ya kazi na afya na nyumbani, kisha akaniuliza ni nani aliyeniita.

Nikajibu bila kufikiri: "Mama."

Nikaharakisha kumweleza habari za Hana na nadhiri, nikidhani sikueleweka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "ni kweli Samweli aliletwa na mama yake. Lakini ilikuja siku akaitwa mwenyewe, kwa jina lake, akiwa amelala peke yake. Mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kufungua milango ya nyumba. Wewe umefungua milango vizuri. Je, umeitwa?"

Sikuweza kudanganya, na sikuweza kusema hapana. Nililia. Akaniambia nirudi nyumbani. Nikiitwa, mlango upo. Nisipoitwa, nisirudi kwa sababu ya mtu yeyote.

Nilirudi Mnyambe na sanduku lile lile. Mama aliponiona nikishuka kwenye bodaboda alisimama katikati ya uwanja na ufagio mkononi, hakunipokea mzigo. Nilimweleza maneno ya Mama Mkuu kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Alichokielewa ni kimoja tu: sadaka yake imekataliwa. Na Mungu aliyekataa kupokea kitu mlangoni, kwa hesabu za mama, angekuja kukichukua dirishani.

Siku zilizofuata zilinibana pande zote mbili. Masista wasingenipokea bila wito, na wito nisingeweza kujitengenezea. Mama asingeniachia bila nadhiri kutimizwa. Nilitaka kwenda Masasi kutafuta kazi ya kushona. Mama akasema barabara ina ajali. Nilitaka kwenda Newala mjini hata kwa siku ya soko tu. Akasema tungoje kwanza Mungu aonyeshe njia. Alinifuata mpaka bondeni nilipokwenda kuchota maji. Usiku aliniwekea mkono kifuani kuona kama napumua. Nilikuwa mtu mzima, na sikuwa na mahali pa kukanyaga ambapo jicho lake halikufika.

Padre wetu alikuja. Baba ndiye aliyemwita, ingawa hakusema. Padre alikaa sebuleni akamweleza mama kwa upole kwamba sheria zile ni za watu wa kale, na kwamba Mungu hadai watoto wa watu. Mama alimsikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akamuuliza kama Hana naye si wa kale. Padre akasema ndiyo. Mama akasema basi kama Hana ni wa kale na Mungu alimsikia, na yeye alifanya kama Hana akasikiwa, haoni ni wapi kipande kimoja cha ahadi kinakuwa kipya na kingine kinakuwa cha kale. Padre akanywa chai yake. Wakati wa kuondoka mama alimfungashia mayai.

Nilielewa siku ile kwamba hakuna neno la mtu litakalomfungua mama. Kama kuna ufunguo ulikuwa ndani ya kitabu kile kile kilichotufunga. Nikaanza kukisoma upya, si kama nilivyokisoma utotoni nikiwa namwangalia mama kama ananisikiliza, bali kama mtu aliyefungiwa chumbani anavyopapasa ukuta. Nilisoma habari za Yeftha, aliyeapa kutoa sadaka chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki, na akatoka binti yake wa pekee akicheza kwa matari. Sikulala vizuri kwa muda baada ya hapo. Yule binti hakubishana hata kidogo. Aliomba tu ruhusa ya kwenda milimani na wenzake kuulilia ujana wake, kisha akarudi kwa miguu yake. Nilijiona kabisa katika kule kurudi kwake.

Niliendelea kupapasa. Ndipo nilipofika kwenye kitabu cha Hesabu, mahali ambapo Musa anawaeleza wakuu wa makabila habari za nadhiri za wanawake. Ni sehemu ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Inasema mke akiweka nadhiri, na mumewe akasikia, basi siku hiyo anayosikia mume ana uwezo wa kuikataza, na ikikatazwa imekufa, na Mungu atamsamehe mke. Lakini mume akisikia na kunyamaza, kunyamaza kwake kumeithibitisha. Nilisoma mara nyingi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza baba alikuwa wapi.

Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Hukaa viti vya nyuma kanisani na huimba sauti ya chini. Nilimkuta nyuma ya nyumba akisafisha mashine ya kupulizia mikorosho, maana ulikuwa msimu wa dawa, na uso wake ulikuwa umetapakaa salfa ya njano mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amekwenda kwa dada yake. Niliketi juu ya debe, nikamwambia ninataka kumsomea kitu. Nikamsomea. Akasimamisha kazi.

"Soma tena hapo pa kunyamaza," akasema.

Nikasoma tena. Nikamuuliza kama alijua habari ya nadhiri, na kama alijua, alijua lini. Alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa kitambaa chenyewe kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Siku ile ile," akasema. "Tulikuwa tunarudi kutoka Lulindi, tumekaa kupumzika kwenye kilima. Akaniambia. Nikanyamaza."

Akanieleza mengine kwa vipande, bila kunitazama. Kwamba alikuwa amemwona mama akirudi kila mara kutoka kwa dada zake akiwa amevimba macho. Kwamba siku ile kwa mara ya kwanza alimwona anakula vizuri. Alifikiri: mtoto mwenyewe hayupo, kwa nini nimnyang'anye mke wangu tumaini kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo? Baadaye mtoto akawepo, na ikawa kila mwaka ni vigumu zaidi kusema. Aliponiona ninaitwa chini kutoka mtini aliona. Niliponyimwa unyago aliona. Kila alipotaka kufungua mdomo alikumbuka kwamba bila ile nadhiri pengine nisingekuwapo wa kutetewa.

Kisha akaniuliza: "Na mume akikataza baadaye, siku zimeshapita, imeandikwaje?"

Nilikuwa nimekusudia kuishia pale nilipoishia, kwa sababu mstari unaofuata sikuupenda. Akaningoja. Nikausoma. Unasema kwamba akizitangua nadhiri baada ya kuwa amezisikia na kunyamaza, basi yeye mume ndiye atakayeubeba uovu wa mkewe.

Baba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akarudi kufunga mashine yake. Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo, na siku zikapita, nikadhani amenyamaza mara ya pili.

Jumapili moja tulitoka kanisani, tukala. Mama alikuwa anakusanya vyombo. Baba akamwomba aketi. Hakuwa na kawaida ya kumwomba aketi, kwa hiyo mama aliketi haraka, bakuli bado mkononi.

"Mama Sista," akasema, "ile nadhiri uliyoweka Lulindi, mimi mumeo naikataza."

Mama alicheka kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri. Akamwambia kwamba jambo hilo lilikwisha zamani, si la kukatazwa.

"Nimechelewa, najua," baba akasema. "Imeandikwa kwamba aliyechelewa ataubeba yeye uovu wa mkewe. Basi na uwe juu yangu. Si juu yako, wala si juu ya mtoto."

Alitaja kitabu na sura. Mama alinitazama, akajua ni nani aliyemwonyesha. Aliinuka akaifuata Biblia, akanipa nimsomee, kwa sababu macho yake yalikwishaanza kuwa mabaya. Nikasoma mpaka mwisho. Sikuwa nimewahi kumwona mama akikosa neno kutoka kitabu kile.

"Sema kwamba hujasema," akamwambia baba.

"Nimesema."

Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi tangu utotoni juu ya mtu mmoja kubeba dhambi ya wengine. Sikuwa nimefikiria kwamba naweza kuona jambo linalofanana nalo kwetu, mezani, na maganda ya muhogo bado hayajatolewa, kwa mtu ambaye kucha zake zilikuwa na salfa ya wiki nzima.

Nilihamia Masasi mwezi ule. Baba alinisindikiza mpaka kwenye basi. Nilipata nafasi kwenye baraza la duka karibu na soko, nikaanza kushona sare za shule na majoho ya kwaya, na nikapanga chumba upande wa mji wenye mawe makubwa. Asubuhi za kwanza niliamka mapema kabla ya jua, nikakaa kitandani nisijue nifanye nini na uhuru wangu. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Wateja waliniita fundi. Hapakuwa na mtu wa kunifuata kuchota maji.

Lakini sikuwa nimetoka kama nilivyodhani. Mama hakuwa ameacha kuogopa. Alihamisha tu woga wake kutoka kwangu kwenda kwa baba. Nilipopiga simu nyumbani baba aliniambia, akicheka, kwamba siku hizi haruhusiwi kupanda juu ya paa, haruhusiwi kunywa uraka, pombe yetu ya mabibo, na usiku anawekewa mkono kifuani. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Nilijua mkono ule. Na kila simu iliyotoka Mnyambe ilinifanya niweke mkasi chini na kushika meza kabla ya kupokea.

Ilipita miaka kadhaa hivyo. Kisha simu niliyokuwa nikiiogopa ikaja. Baba alianguka shambani, upande mmoja wa mwili ukamlegea na mdomo ukapinda. Kiharusi. Walimleta Masasi hospitalini wakimshikilia kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani.

Mama alikuwa kwenye benchi nje ya wodi nilipofika. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba. Akasogea nikae. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono kama siku ile ya kwenda kwa masista, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kulaumu, kwamba nilikuwa nimeona mwenyewe.

"Nenda kwao, mwanangu," akasema. "Hata kama huitwi. Nenda tu, Mungu aone tumerudisha. Baba yako atanyanyuka."

Namkumbuka alivyosema "atanyanyuka," na jinsi nilivyoamini. Nilikuwa nimeishi mbali na mama, nimesoma, nimejitegemea, nimesikia padre akieleza, na daktari alikuwa amesema habari za presha na mishipa. Yote hayo yaliondoka. Nilimwambia sawa. Nilirudi chumbani kwangu nikafunika cherehani, nikakunja nguo zangu, nikamwambia mwenye nyumba kwamba pengine nitaondoka. Nikawa yule binti wa Yeftha, anayeshuka kutoka milimani kwa miguu yake mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda kumwambia baba. Nilitaka asikie ili apate nguvu. Alikuwa amelala upande, jicho moja likichuruzika machozi bila yeye kulia. Nikamweleza. Alinisikiliza, akaanza kusema, na maneno yalikuwa yakimtoka yamevunjika, ikabidi niinamishe sikio.

"Lile deni ni langu," akasema. "Nililichukua. Usiniibie."

Nikamwambia kwamba nataka apone. Akasema, kwa taabu, kwamba akipona atapona na akifa atakufa, watu wote hufanya moja ya hayo mawili. Lakini nikirudi kule kwa ajili yake, atakuwa amenyamaza mara ya pili. Akafumba jicho lake zima. Nilikaa pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Sikwenda. Nilimwambia mama palepale kwenye benchi, na ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kusema kwa mdomo wangu. Hakubishana. Alichukua khanga yake akajifunika kichwa, akageukia ukuta. Siku zote baba alizolazwa tulikuwa tukipokezana kumlisha uji bila kuzungumza, kijiko kikitoka mkononi mwake kuja mkononi mwangu. Nilikuwa namtazama baba kila asubuhi kama anayesubiri hukumu yake mwenyewe isomwe. Kama angekufa, sijui ningeishi vipi. Huo ndio ukweli, na sitaki kuupamba.

Hakufa. Aliruhusiwa, akarudi Mnyambe, na kwa mazoezi ya kuchosha akaanza kutembea kwa fimbo. Mguu haukurudi sawasawa. Mama husema mguu ule ndio malipo. Baba husema mguu ule ni presha na chumvi. Mikorosho sasa inapuliziwa na binamu zangu, yeye anakaa kivulini kuwasahihisha. Mimi siwezi kusema ni nani kati yao aliye sahihi. Nimesoma kitabu kile tangu mwanzo hadi mwisho, na kuna siku kinanifungulia na kuna siku kinanibana mlangoni.

Mama hakuzungumza nami msimu mzima. Kisha siku moja kondakta wa basi la kutoka Newala aliniletea kifurushi barazani. Kilikuwa na ming'oko iliyochemshwa, bado ina joto kidogo, imefungwa kwa kitambaa nilichomshonea zamani. Hakukuwa na salamu. Nilikula yote siku ile, nikawanyima hata majirani.

Mwaka jana alishuka Masasi kutibiwa macho, akalala kwangu. Kitanda ni kimoja, tukalala wote. Asubuhi nilimwandalia chai na mihogo, naye akawa ameketi kitandani, akisikiliza watu wanaopita nje. Akaniuliza kama bado ninasali. Nikamwambia ninasali. Akauliza huwa ninamwomba Mungu nini. Nilifikiri kumpa jibu la kumridhisha, kisha nikaona ameshazeeka na mimi si mtoto.

"Naomba vitu vya kawaida, mama," nikasema. "Afya ya baba. Macho yako. Wateja. Ila siku hizi naomba tu, siahidi kitu."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilingoja anitajie Hana, au mstari mwingine wowote, maana mistari hajaikosa. Alikunywa chai, akapapasa chini kwa mguu, akaniuliza nimeziweka wapi kandambili zake, kwa sababu daktari alisema tuwahi foleni.